Mabati Yaliangukia Upande Gani?

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa tisa alasiri, upepo uliezua paa la madarasa mawili katika shule moja hapa Mjimwema. Waliokuwepo wanasema haukufika hata dakika tano. Wanafunzi wa madarasa yale walikuwa nje wakifanya usafi upande wa pili wa uwanja, na ndiyo maana leo naandika habari za mabati na si habari za msiba.

Shuleni pale huwa najitolea kufundisha Jiografia Kidato cha Tatu kila Jumamosi asubuhi. Jumamosi ile hatukuwa na darasa, tukakaa chini ya mwembe. Kabla sijafungua hata daftari, binti mmoja akauliza, "Mwalimu, ule ulikuwa upepo gani?" Nikajibu bila kufikiri: "Kile ni kimbunga." Nikachukua kijiti, nikachora duara kwenye mchanga na mshale unaozunguka. Binti akauangalia mchoro, akaangalia shamba la mahindi nyuma ya darasa, kisha akasema: "Kama kinazunguka, mbona mabati yote yameangukia upande mmoja?"

Nikamwambia, "Swali zuri, tutaliona wiki ijayo." Walimu watarajali wenzangu mnaijua hiyo janja. Maana yake mwalimu hajui.

Ningeweza kuliacha liishe hivyo, lakini mtaani jibu lingine lilishapatikana. Kuna bibi anaishi peke yake jirani kabisa na shule, na paa lake halikuguswa. Jioni ile kijiweni kwa bodaboda nikasikia mtu anasema, "Ule upepo una mwenyewe." Hakutaja jina, na hakuwa na haja ya kutaja. Sote tunajua maneno ya namna hiyo yanaweza kumfikisha wapi mzee wa watu. Hapo nikaona swali la yule binti si la mtihani tu. Nilikuwa nimeshindwa kueleza, na mtu mwingine alikuwa anaeleza badala yangu.

Pepo tatu, jina moja

Shida ya kwanza ni ya lugha. Sisi kila upepo unaobomoa tunauita kimbunga, wakati kuna angalau pepo tatu tofauti ndani ya neno hilo.

Wa kwanza ni kimbunga chenyewe, kile ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hukitangaza kwa jina, kama Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Hicho huzaliwa baharini kwenye maji ya moto, upana wake ni mamia ya kilomita, na huchukua siku kadhaa. Kikiingia nchi kavu kinakosa mvuke wa bahari na kuanza kufa. Songea iko zaidi ya kilomita 400 kutoka pwani. Kimbunga cha bahari kinaweza kutuletea mvua, ila hakiwezi kuezua madarasa mawili, kikaruka nyumba ya tatu, halafu kikaisha ndani ya dakika tano.

Wa pili ni chamchela, wengine wanasema kisulisuli. Huu tumeucheza wote utotoni: mwezi wa tisa au wa kumi, jua kali, vumbi linanyanyuka uwanjani na kuzunguka likibeba karatasi na majani. Chamchela huanzia chini. Ardhi imepata joto, hewa inapanda, na ule mzunguko mdogo uliokuwepo unabanwa na kwenda kasi. Hauhitaji wingu lolote. Siku ile ya Alhamisi mbingu ilikuwa nyeusi na ardhi imelowa tangu juzi yake, kwa hiyo chamchela naye hahusiki.

Wa tatu ni ule unaotoka kwenye wingu la mvua ya radi. Hapa ndipo kwenye kazi, kwa sababu wingu moja la radi linaweza kutoa pepo mbili ambazo hazifanani. Moja ni tonado: nguzo ya hewa inayozunguka kwa kasi kubwa, imeunganisha wingu na ardhi. Nyingine inaporomoka moja kwa moja kutoka juu, inagonga ardhi na kusambaa pande zote, kama ndoo ya maji uliyoimwaga sakafuni. Zote mbili zinaezua. Zote mbili zinakata miti. Aliyejificha chini ya meza hawezi kuzitofautisha. Anayeweza ni yule anayekuja kesho yake na kutazama vitu vimelala vipi.

Mtu aliyesoma miti iliyoanguka

Aliyetufundisha kutazama hivyo alikuwa Mjapani, Tetsuya Fujita, aliyezaliwa mwaka 1920. Vita Kuu ya Pili ilipoisha alikuwa mwalimu wa chuo karibu na Kokura. Mji huo ndio uliolengwa bomu la pili la atomiki tarehe 9 Agosti 1945, ila haukuonekana vizuri kutoka angani na ndege ikaenda Nagasaki. Wiki chache baadaye Fujita alikwenda Nagasaki na Hiroshima kupima alama za moto, zikiwemo zile zilizobaki kwenye vyombo vya mianzi vya kuwekea maua makaburini. Kwa kuangalia upande ulioungua na pembe yake aliweza kukokotoa bomu lililipuka wapi na kwa urefu gani. Yaani tukio limepita, hukuwepo, lakini vitu vilivyobaki vinakuonyesha.

Mwaka 1953 alihamia Chuo Kikuu cha Chicago, akaanza kufanya kazi ile ile kwa tonado za Marekani. Alikuwa anapanda ndege ndogo siku chache baada ya dhoruba, anapiga picha za mashamba na misitu, kisha anachora ramani ya mishale: kila mti ulioanguka, mshale mmoja. Mwaka 1971 alitoa kipimo cha nguvu za tonado kinachoanzia F0 hadi F5, na kipimo hicho kinatokana na uharibifu. Hupimi upepo wenyewe, unapima ulichofanyiwa na upepo, halafu unakadiria kasi. Toleo lililoboreshwa lilianza kutumika Marekani mwaka 2007, na bado linafuata wazo hilo.

Tarehe 3 na 4 Aprili 1974 tonado 148 ziliipiga Marekani ndani ya muda wa siku moja hivi. Fujita akarudi angani. Kwenye sehemu nyingi aliona alichozoea: miti imelala kwa mzunguko, mingine imeelekea ndani kwenye mstari wa njia ya tonado. Lakini katika msitu mmoja wa West Virginia aliona kitu kingine. Miti ilikuwa imelala kuelekea nje kutoka sehemu moja, kama miale ya nyota. Akakumbuka Nagasaki, kwa sababu chini ya bomu miti nayo ilisukumwa kuelekea nje. Akasema hii si tonado, kuna hewa imeshuka kutoka juu na kugonga ardhi.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 1975, ndege ya abiria ilianguka ikitua New York wakati wa mvua ya radi, wakafa watu zaidi ya 110. Fujita alichunguza na kusema ndege ilipita ndani ya upepo wa kuporomoka. Wanasayansi wengine walimbishia sana, waliona hewa inayoshuka ingedhoofika kabla ya kufika chini. Mwaka 1978 yeye na wenzake wakatandaza rada na mitambo ya kupima upepo kuzunguka Chicago, wakazinasa pepo hizo takriban 50 katika msimu mmoja. Ubishi ukaisha. Leo marubani wanafundishwa jinsi ya kuukwepa upepo huo, na viwanja vikubwa vya ndege duniani vina mitambo ya kuugundua.

Kuifuata tonado yenyewe

Kusoma mabaki kunakuambia kilichotokea. Hakukuambii kwa nini kimetokea. Kwa hiyo wengine waliamua kuifuata tonado ikiwa hai. Mradi wa VORTEX wa mwaka 1994 na 1995, na ule wa pili wa 2009 na 2010, ulipeleka misururu ya magari yenye rada na vipima hewa kwenye nyanda za Marekani. Tarehe 3 Mei 1999 rada iliyobebwa na lori ilipima upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa ndani ya tonado huko Oklahoma. Tarehe 24 Juni 2003 mhandisi Tim Samaras aliweka chombo kizito chenye umbo kama kobe barabarani, tonado ikapita juu yake. Kanieneo ya hewa ilishuka kwa milibari 100, sawa na kukupandisha ghafla mlima wa karibu mita 900. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Mei 2013, Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young waliuawa na tonado ya El Reno, iliyokuwa na upana wa zaidi ya kilomita nne. Kazi hii inaua hata wanaoijua.

Walichojifunza ni hiki. Ili tonado kubwa itokee, upepo wa chini na upepo wa juu lazima utofautiane sana kwa kasi na mwelekeo. Tofauti hiyo inaviringisha hewa kama unavyoviringisha kalamu kati ya viganja viwili, ikiwa imelala. Hewa moto inayopanda inaubeba ule mviringo na kuusimamisha wima, na wingu zima linaanza kuzunguka. Ukivutwa na kuwa mwembamba, kasi inaongezeka. Lakini mawingu mengi yanayozunguka hayatoi tonado kabisa, na kwa nini moja litoe na jingine lisitoe bado ni swali ambalo watafiti wanahangaika nalo, hasa nafasi ya ile hewa baridi inayoshuka pembeni ya wingu.

Afrika nayo inazo. Tarehe 15 Desemba 1998 tonado iliupiga mji wa Mthatha, Afrika Kusini, na Nelson Mandela, akiwa rais, alikuwa ndani ya duka la dawa mjini hapo. Walinzi walimkinga na hakuumia. Wengine mjini hawakuwa na bahati hiyo. Mwezi mmoja baadaye nyingine ikaharibu Mount Ayliff.

Lakini Afrika Kusini iko mbali na ikweta, na huko upepo wa juu una nguvu na unatofautiana sana na wa chini. Sisi tuko nyuzi kama 10 na nusu tu kusini mwa ikweta. Wakati wa masika yetu, Novemba hadi Aprili, hewa ina unyevu na joto la kutosha kujenga mawingu makubwa ya radi, ila ile tofauti ya upepo wa chini na wa juu kwa kawaida ni ndogo. Wingu linapanda wima, linajaa, halafu linaanguka lenyewe. Mvua na mawe yanaivuta hewa chini, sehemu ya maji inakuwa mvuke njiani na kuipoza hewa hiyo, hewa baridi inakuwa nzito, inaporomoka. Hii ndiyo sababu, kabla hata ya kwenda kuangalia, upepo wa kuporomoka ulikuwa mshukiwa wa kwanza. Mshukiwa lakini si mtu aliyehukumiwa. Ilibidi twende.

Ramani yetu

Jumapili mchana tulikuwa watatu, simu mbili zenye dira, na daftari moja. Mafundi walikuwa bado hawajafika, vitu vingi vilikuwa palepale. Tulikubaliana kila kitu kilichoanguka kipate mshale: kilitoka wapi, kililala wapi, dira inasomaje. Mabati, migomba, milingoti miwili, uzio wa choo. Mahindi yalitusaidia kuliko vyote. Mwezi wa pili mahindi yamesimama marefu, yakilazwa na upepo yanabaki yameelekea alikokwenda. Shamba zima linakuwa karatasi ya mishale.

Tulipata mishale karibu thelathini. Tulipoichora yote kwenye karatasi moja, binti yule alikuwa sahihi kwa nusu. Mabati yote yalikwenda upande mmoja, magharibi. Lakini mahindi ya kaskazini mwa uwanja yalilala kuelekea kaskazini magharibi, na migomba ya kusini ikaelekea kusini magharibi. Mishale ilifunguka kama vidole vya mkono. Hatukuona sehemu ambayo mishale inakutana au kupishana, na tonado ingetuachia hiyo. Pia eneo lililoharibiwa lilikuwa na upana unaokaribia urefu wake, na tonado huacha njia nyembamba ndefu.

Tukaenda kwa bibi. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu." Tukamwomba atueleze alichokiona, bila sisi kusema lolote kwanza. Akasema: ubaridi ndio uliotangulia. Alikuwa anaanua mahindi ya kukaanga, ghafla baridi kama ya mwezi wa sita, akakimbilia ndani akafunga mlango na dirisha. Ndipo upepo ukaja, na mvua ya mawe nyuma yake. Kati ya watu wote tuliowauliza, hakuna aliyetupa ushahidi mzuri kama wake. Ule ubaridi ndiyo hewa iliyoporomoka, imefika chini na kusambaa.

Kwa nini nyumba yake ilibaki

Hili ndilo mtaa ulitaka kujua, basi tuliangalie kwa hesabu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,000, unasukuma kwa karibu kilo 50 kila mita moja ya mraba. Bati lenyewe, mita hiyo hiyo, halifikii kilo tano. Kinacholishikilia paa ni misumari na mbao, uzito wake hausaidii kitu.

Madarasa yale yana paa la migongo miwili, lenye kuta za pembetatu kila mwisho, na ukuta mmoja unatazama mashariki, huko huko upepo ulikotokea. Milango na madirisha ya upande huo yalikuwa wazi kwa sababu watoto walitoka kufanya usafi. Upepo ukaingia ndani na kusukuma paa kwa chini, huku unaopita juu ukilivuta. Paa likasukumwa na kuvutwa kwa wakati mmoja. Mbao tulizoziona zilikuwa zimeshikwa kwa misumari tu, hakuna waya wala mkanda wa chuma unaozifunga ukutani.

Nyumba ya bibi ni fupi, paa lake lina miteremko minne, na upepo haupati ukuta wa pembetatu wa kusukuma. Ina miembe mitatu upande wa mashariki. Na alifunga mlango. Zaidi ya hayo, kwenye ramani yetu iko pembezoni mwa ile feni ya mishale, ambako hata mahindi yalilala nusu tu. Hakuna mwenyewe wa upepo hapo. Kuna mzee aliyesikia baridi akafunga dirisha.

Kwa nini tutembee sisi

Mtu anaweza kusema kazi hii ni ya TMA. Ni kweli, na wanaifanya. Kituo cha Songea kinapima upepo, lakini kinapima pale kilipo, na upepo wa kuporomoka unaweza kupita mtaa mmoja tu. Rada za karibu nasi ni ya Mbeya, kama kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na ya Mtwara, karibu 500. Dunia ni duara: mawimbi ya rada yakisafiri kilomita 300, yanakuwa yamepita juu ya vichwa vyetu kwa zaidi ya kilomita tano. Yanaliona wingu. Hayaoni kilichofanyika uwanjani kwetu.

Penye vifaa na watu karibu, mambo hubadilika. Ziwa Victoria, ambako dhoruba za usiku zinakadiriwa kuua watu 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka, mradi wa HIGHWAY uliziunganisha idara za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Mwaka 2019 zilipima anga ya ziwa kwa kina, rada ya Mwanza ikitumika, na tahadhari kwa wavuvi zikaboreshwa. Kwetu bado, na kwa sasa kinachobaki ni miguu na dira ya simu.

Masika yajayo yanaanza Novemba. Ukisikia paa limeezuliwa, nenda kabla mafundi hawajasogeza vitu. Hakikisha hakuna nyaya za umeme chini wala ukuta unaoning'inia. Piga picha ukiandika dira. Andika kitu kilitoka wapi na kililala wapi. Uliza watu kipi kilitangulia kati ya baridi, upepo na mvua, na usiwape jibu mdomoni. Mishale ikifunguka, ni wa kuporomoka. Ikipishana na kukutana kwenye njia nyembamba, umepata kitu adimu, peleka nakala kituo cha hali ya hewa haraka. Nakala nyingine mpe mwenyekiti wa mtaa, maana yeye ndiye anayesikia maneno ya kijiweni kabla ya polisi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi chini ya mwembe na ile karatasi. Nikawaambia Kidato cha Tatu kwamba wiki iliyopita niliwadanganya, ule haukuwa kimbunga. Binti akaiangalia ramani muda mrefu, kisha akauliza kwa nini mafundi wanarudishia mbao zile zile kwa misumari ile ile. Safari hii sikusema tutaliona wiki ijayo. Tuliandika barua kwa mkuu wa shule, darasa zima likaweka majina, tukaomba waya wa kufungia paa. Waya umeshanunuliwa kwa darasa moja. La pili bado.